Mwaka wa Kwanza katika Ofisi ya Wakaguzi wa Hesabu Kampala: Mwongozo kwa Mwanagenzi

Barua ya ajira inasema wewe ni msaidizi wa ukaguzi. Mama nyumbani ameshawaambia majirani kwamba mwanawe ni mhasibu mjini. Wewe mwenyewe hujui Jumatatu utafanya nini.

Nakuandikia kwa sababu kiti hicho nimekikalia. Nilikulia Busia, upande wetu wa mpaka, nikasomea Nakawa, nikaingia ofisi ya vyumba vitatu juu ya duka la simu katikati ya Kampala. Chuoni nilifundishwa debiti na krediti hadi nikaziota. Hakuna aliyenifundisha kwamba kazi yenyewe ni kuandika ulichokiona, kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo anaweza kufuata nyayo zako akafika pale pale ulipofika. Karibu kila kitu kilichonitoa jasho mwaka ule kilianzia hapo.

Hatua ya 1: Makaratasi yako mwenyewe kabla ya ya wengine

Andaa kitambulisho cha taifa, nakala za vyeti, akaunti ya benki, namba ya mlipakodi, yaani TIN, na namba ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. TIN inapatikana bure kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, URA. Anayekutoza pesa anauza mwendo wa vidole vyake tu. Kuhusu NSSF, tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Zamani ofisi zenye watu chini ya watano zilikuwa na mwanya. Baada ya miezi mitatu, angalia taarifa yako ya NSSF uone kama michango imefika. Itakuwa kichekesho kukagua michango ya watu wa Jinja huku yako imelala kwenye droo ya mbia wako, yaani mmoja wa wenye ofisi.

Uliza mapema, kabla hujasaini mkataba: Siku za mtihani ninapewa likizo, ya malipo au bila malipo? Ofisi inachangia ada? Nani atanisainia kumbukumbu za uzoefu wa kazi? Wengi huona aibu kuuliza, kisha miezi minane baadaye wananung'unika jikoni.

Utapewa pia fomu ya kujitegemea. Isome. Inauliza kama una hisa, mkopo, ndugu au kazi ya pembeni kwa mteja yeyote wa ofisi. Kama mjomba wako ni mkurugenzi wa kampuni iliyo kwenye orodha ya wateja, andika. Hakuna atakayekufukuza, utawekwa tu kwenye kazi nyingine. Kinachofukuzisha watu ni mjomba anayegunduliwa baadaye.

Hatua ya 2: Chagua njia ya mtihani, usizunguke

Njia mbili ndizo zinazopita ofisi nyingi za Kampala. Ya kwanza ni CPA, cheti cha uhasibu cha Uganda, chini ya ICPAU, taasisi ya wahasibu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na inayoendeshwa sasa kwa Sheria ya Wahasibu ya 2013. Ya pili ni ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza: mitihani 13, ambayo mingine unaweza kusamehewa kulingana na shahada yako, pamoja na miezi 36 ya uzoefu unaothibitishwa na msimamizi. Asiye na shahada anaweza kuanzia diploma ya fundi mhasibu ya ICPAU.

Maoni yangu: kama unataka siku moja kusaini ripoti za ukaguzi hapa nchini, utapitia mlango wa ICPAU tu, hata ukiwa na ACCA ukutani, maana leseni ya kukagua inatoka huko. Kama macho yako yako Nairobi au Dubai, ACCA inasafiri vizuri. Ila usianze zote mbili kwa mshahara wa mwanagenzi.

Hatua ya 3: Wiki za kwanza ni za kusoma mafaili

Utafanya fotokopi, utapanga vocha, yaani hati za malipo, utabeba maboksi kutoka kwenye bodaboda. Sawa. Lakini kila dakika iliyobaki, omba faili la mteja utakayeenda kwake na usome. Kuna faili la kudumu, lenye katiba ya kampuni, mikataba, hati za ardhi na majina ya wenye hisa. Na kuna faili la mwaka, lenye urari, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote, majedwali makuu na karatasi za kazi. Anza na urari. Kisha chagua mstari mmoja, tuseme mishahara, ufuate kutoka kwenye hesabu zilizochapishwa hadi kwenye karatasi ya mwisho nyuma ya faili. Ukipotea katikati, kumbuka mahali ulipopotea. Huyo aliyekupoteza alikuwa mwanagenzi kama wewe, na sasa unajua maana ya kazi mbaya kabla hujaifanya.

Faili la mwaka jana lina hatari yake. Ofisini tunaiita "kama mwaka jana": mtu anafungua karatasi ya zamani, anabadilisha tarehe, anaweka namba mpya, hitimisho analiacha lilivyo. Nimewahi kuona karatasi iliyosema gari la kampuni "limeonekana na liko katika hali nzuri" miaka miwili baada ya gari hilo kuuzwa.

Bosi wako wa kila siku ni mkaguzi mwandamizi. Mjini tunamwita sinia, na kweli ni kama sinia la pilau: kila kitu kinawekwa juu yake. Mwulize maswali, ila yakusanye. Matano kwa mpigo saa nne asubuhi ni bora kuliko moja kila dakika kumi.

Hatua ya 4: Karatasi ya kazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Juu ya kila karatasi kuwe na jina la mteja, kipindi kinachokaguliwa, herufi za jina lako na tarehe uliyofanya kazi, na namba ya karatasi. Chini yake andika kusudi: unatafuta nini? Kisha chanzo: namba hizi zimetoka wapi, nani alikupa, lini. Kisha kazi uliyofanya, ulichokuta, na hitimisho. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 230, kinachohusu nyaraka, kinataka mkaguzi mzoefu ambaye hajawahi kugusa kazi hiyo aielewe kwa kusoma tu, bila wewe kusimama pembeni ukimfafanulia.

Mwezi wangu wa pili nilirudi kutoka kwa mteja na kurasa kumi na moja zilizojaa tiki. Nyekundu, kijani, tiki yenye mkia, tiki yenye duara. Sinia akaweka kidole juu ya moja.

"Hii maana yake nini?"

"Niliikagua, mama."

"Uliikagua nini?"

Nikanyamaza. Sikukumbuka kama ile yenye mkia ilikuwa ya kuona ankara au ya kuona saini ya meneja. Nilirudi kwa mteja huyo Bweyogerere siku tatu kurudia kazi, nauli yangu mwenyewe. Tangu hapo ufunguo wa alama zangu huandikwa kwanza, kabla ya tiki ya kwanza, kwenye karatasi hiyo hiyo.

Tazama tofauti. Mwanagenzi mmoja anaandika: "Nimekagua mishahara, iko sawa." Mwingine anaandika: "Nimechagua wafanyakazi 15 kati ya 64 kwenye orodha ya Machi. Kwa kila mmoja nimeona mkataba, nimelinganisha mshahara wa mkataba na wa orodha, nimekokotoa upya kodi na NSSF, na nimeona jina lake kwenye taarifa ya malipo ya benki. Wawili hawana mikataba kwenye faili, tazama karatasi P3." Wa kwanza anataka aaminiwe. Wa pili hahitaji.

Na usiandike neno "zote" kama hukuona zote.

Kwenye Ekseli, usipige namba kwa mkono mahali panapowezekana kuiunganisha na jedwali lingine. Namba ya kupigwa haina kumbukumbu ya ilikotoka. Na kabla ya kujumlisha safu uliyopewa na mteja, hakikisha zile ni namba na si maandishi yanayofanana na namba. Programu za uhasibu zikitoa ripoti hupenda mchezo huo, jumla inatoka ndogo na wewe unakaa kumshuku mhasibu wa watu.

Hatua ya 5: Vocha, na watu wenye vocha

Kukagua vocha kunaonekana kazi ya mtoto, na ndiyo maana hufanywa vibaya. Kwa kila malipo tazama: tarehe iko ndani ya mwaka? Aliyelipwa ndiye aliye kwenye ankara? Nani aliidhinisha, na alikuwa na mamlaka kwa kiasi hicho? Kuna hati ya kupokea mali? Kiasi kwenye vocha, ankara na leja, lile daftari kuu la hesabu, ni kile kile? Yameandikwa kwenye akaunti sahihi, au ukarabati wa nyumba ya mkurugenzi umejificha kwenye "matengenezo ya ofisi"?

Mwelekeo una maana. Ukianzia leja kwenda kwenye vocha, unauliza kama kilichoandikwa kilitokea kweli. Ukianzia hati za kupokea mali kwenda kwenye leja, unauliza kama kilichotokea kiliandikwa. Madeni ya wauzaji hufichwa kwa kutoandikwa. Ukianzia leja hutayaona hata ukae mwezi.

Mteja aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani anapaswa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki ulioanza kushika kasi mwaka 2021. Mnamo Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kuupinga, na hadi leo ukitamka jina hilo Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, utapata hotuba. Isikilize kwa adabu, kisha omba ankara.

Malipo ya simu yana shida yake. Mashirika mengi hulipa posho za semina kwa mobile money, na utaletewa picha ya ujumbe wa simu kama ushahidi. Picha haitoshi; inahaririwa kirahisi. Omba taarifa ya akaunti kutoka kampuni ya simu, linganisha majina yaliyosajiliwa na orodha ya mahudhurio, na tazama namba zinazojirudia. Namba moja ikipokea posho za washiriki wanne wa kijiji kimoja, huenda ni baba mwenye simu pekee nyumbani, huenda si hivyo. Uliza.

Na kuuliza ni kipaji. Mhasibu wa mteja ana kazi zake, na wewe ni kijana uliyekuja na orodha ya vocha 80. Salimia. Mwite mzee au mama, au kwa Kiganda ssebo (bwana) au nyabo (bibi), kama hali ilivyo. Mpe orodha nzima asubuhi, usimsumbue kwa vocha moja moja. Ofisini mnaandika Kiingereza na barabarani Kampala inasema Kiganda, lakini Kiswahili kimenifungulia milango mingi: dereva wa lori wa Malaba, mlinzi wa zamu ya usiku aliyekuwa jeshini, mfanyabiashara Mkongo anayenunua vitenge kwa dola. Mtunza stoo mmoja alinijibu maswali ya Kiingereza kwa "yes" tupu nusu saa nzima. Nilipobadili lugha akacheka, akavuta kiti, akasema, "Sasa mwanangu, kaa nikwambie hii stoo inavyokwenda."

Hatua ya 6: Benki, na barua isiyopita mkono wa mtu

Chukua usuluhishi wa benki, yaani karatasi inayolinganisha salio la leja na la benki, wa siku ya mwisho wa mwaka. Salio la leja lilingane na leja, salio la benki na taarifa ya benki. Kisha geukia vitu vya katikati: hundi zilizoandikwa lakini hazijafika benki, na fedha zilizopokelewa lakini hazijaingia. Vifuate kwenye taarifa ya mwezi uliofuata. Hundi ya Desemba ikipita Januari tarehe 6, vyema. Hundi iliyokaa miezi minane haijapita, kuna hadithi. "Fedha njiani" iliyoko njiani tangu Oktoba haipo njiani.

Pamoja na hayo mnaiandikia benki barua ya uthibitisho. Barua hiyo huwa kwenye karatasi ya mteja na husainiwa na wenye mamlaka ya akaunti, lakini anayeituma ni nyinyi na jibu linakuja kwenu moja kwa moja. Inauliza masalio, na pia mikopo, dhamana na akaunti nyingine zote.

Barua za wadaiwa, zinazowauliza wanaodaiwa na mteja kama salio ni kweli, hufuata kanuni hiyo hiyo, na hapo ndipo nilipojikwaa. Nilikuwa na barua 12 za wateja wa duka moja la jumla. Jua kali, foleni ya magari imefunga mji, na keshia wa pale, kijana mwema kabisa, akaniambia, "Kaka, mimi napita kwao kesho, nipe nizipeleke." Nikampa. Baada ya siku nne majibu yote 12 yalirudi, yote yamekubali salio, kwa kalamu ya bluu moja na mwandiko unaofanana kama mapacha. Labda aliwasomea akawaandikia. Labda hakutoka dukani. Kwa ukaguzi haikuwa na tofauti: barua ziliondoka mikononi mwangu, basi ushahidi ukafa. Tulituma upya, ripoti ikachelewa wiki mbili, na mbia akanieleza jambo hilo kwa sauti ya chini sana ambayo bado naisikia.

Kwa hiyo zipeleke mwenyewe au zitume kwa njia ya ofisi. Anwani ya mdaiwa itafute pia kwingine, usitegemee ile tu uliyopewa na mteja.

Hatua ya 7: Kuhesabu stoo

Tarehe 31 Desemba, wenzako wakiwa kwao kijijini, wewe utakuwa ghalani. Wateja wengine hufunga mwaka 30 Juni, pamoja na mwaka wa serikali, kwa hiyo utaingia ghalani mara mbili.

Kwanza, kuhesabu si kazi yako. Wewe unawatazama wanaohesabu, kisha unarudia sehemu. Chagua bidhaa kadhaa kwenye orodha uzitafute kwenye rafu. Kisha chagua nyingine kwenye rafu uzitafute kwenye orodha. Njia ya kwanza inakamata kilichoandikwa na hakipo. Ya pili, kilichopo na hakikuandikwa. Mwanagenzi mvivu hufanya ya kwanza tu kwa sababu orodha iko mkononi.

Chukua namba ya hati ya mwisho ya kupokea mali na ya mwisho ya kutoa mali siku hiyo. Ziandike hapo hapo. Mwezi wa tatu, mtakapobishana kama lori fulani ni la mwaka huu au uliopita, namba hizo mbili zitamaliza ubishi.

Panda juu. Fungua maboksi ya katikati, siyo ya mbele. Uliza bidhaa iliyofunikwa vumbi imekaa tangu lini, maana huenda thamani yake imeshuka. Na ijue bidhaa kabla hujafika. Nilipelekwa kwa mnunuzi wa kahawa upande wa Masaka nikakuta lundo la magunia ya kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na ganda lake. Niliyaandika kama kahawa. Meneja akaniuliza kwa upole kama huwa nakunywa na maganda. Kiboko ikikobolewa, karibu nusu ya uzito huondoka na maganda. Gunia lake haliwezi kupewa bei ya gunia la kahawa safi. Kosa lile, kama lingepita, lingeongeza mali ya mteja karibu mara mbili bila mtu kuiba hata punje.

Vaa viatu vya kufunika vidole. Beba maji.

Hatua ya 8: Kodi utakazozigusa kila mwezi

Ofisi ndogo hufanya ukaguzi na pia huwasaidia wateja kuwasilisha ritani, yaani taarifa za kodi kwa URA, ingawa anayetayarisha hesabu za mteja anapaswa kujiangalia sana asije akazikagua mwenyewe. Tarehe ya kukariri ni 15. Kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata ndipo zinapotakiwa kodi ya mishahara ambayo kila mtu huiita PAYE, kodi ya zuio, kodi ya ongezeko la thamani na michango ya NSSF. Ritani ya mapato ya mwaka ina miezi sita baada ya mwaka wa mteja kuisha.

Fanya hesabu ya mshahara kwa mkono mara moja kabla ya kuamini programu. Kwa viwango vilivyoanza 2012, mfanyakazi mkazi anayelipwa 1,000,000 kwa mwezi anakokotolewa hivi. Shilingi 235,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, yaani 10,000. Hadi 410,000 ni asilimia 20, yaani 15,000. Zilizobaki 590,000 ni asilimia 30, yaani 177,000. PAYE ni 202,000. NSSF yake ni asilimia 5, yaani 50,000, nayo haipunguzi kiasi kinachotozwa kodi. Wageni wengi hukosea hapo, hasa waliojifunzia nchi jirani. Anaondoka na 748,000. Mwajiri anaongeza asilimia 10 yake, 100,000, kwa hiyo NSSF inapokea 150,000. Bajeti husomwa Juni na sheria mpya huanza 1 Julai, basi kila Julai hakikisha viwango kabla ya kukokotoa chochote.

Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na mtego wake ni bei iliyokwisha kujumuisha kodi. Ankara ya ununuzi ya 1,180,000 yenye kodi ndani yake ina kodi ya 180,000 ya kudai. Ukizidisha yote kwa asilimia 18 utapata 212,400, na mteja atakupenda hadi siku URA watakapopiga simu.

Kodi ya zuio, asilimia 6, hukatwa na mawakala walioteuliwa wanapolipa zaidi ya shilingi milioni moja. Ukiona ankara mbili za 600,000 kutoka kwa muuzaji mmoja, siku moja, kwa kazi moja, umeshaelewa.

Hatua ya 9: Namba zikikataa kulingana

Usianze kupekua kila kitu. Chukua tofauti. Kama inagawanyika kwa 2, tafuta nusu yake: huenda kitu cha debiti kimeandikwa krediti. Kama inagawanyika kwa 9, huenda tarakimu mbili zimepishana: 63,000 ikiandikwa 36,000, tofauti ni 27,000, sawa na 9 mara 3,000. Kama tofauti ni namba nzima iliyopo mahali fulani, kuna kitu kimeachwa au kimeingia mara mbili. Ukishindwa, ondoka. Nenda kale roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai. Nusu ya tofauti zangu nimezipata nikiwa kwenye foleni ya chapati.

Usiizike tofauti kamwe kwenye akaunti ya muda, ile ya kuweka visivyojulikana, ili ulale.

Hatua ya 10: Maswali ya mapitio, soda na bahasha

Sinia atakurudishia faili na maswali 40. Jibu kila moja kwa kazi, si kwa maelezo. "Nimeuliza, wamesema ni sawa" si jibu, umeona nini? Maswali ya aina moja yakijirudia faili hadi faili, yaandike nyuma ya daftari lako. Mimi nilikuwa na kurasa nne, na tatu kati yake zilihusu tarehe.

Mteja akikuletea chai na mandazi pamoja na watu wake, kunywa. Akikupa bahasha "ya mafuta" siku ya kuondoka, irudishe mbele yake na umwambie sinia jioni hiyo hiyo, hata kama ilikuwa shilingi 50,000 na hata kama nauli ya kurudi Mukono ilikuwa imekuishia. Na mambo ya mteja hayazungumzwi kwenye taksi. Kampala ni mji mdogo kuliko unavyofikiri. Kiti cha nyuma huenda kakaa shemeji wa keshia.

Ukihisi wizi, usimkabili mtu, usiulize swali la pili la kumshtua. Piga nakala ya ulichokiona, andika saa na tarehe, mpigie sinia ukiwa nje.

Hatua ya 11: Kufunga faili

Ripoti ikishasainiwa utadhani mmemaliza. Bado. Faili hukusanywa na kufungwa, kwa kawaida ndani ya siku 60 tangu tarehe ya ripoti, na kazi hiyo ni yako. Ondoa rasimu na nakala mbili mbili, weka namba za marejeo pande zote mbili, hakikisha kila karatasi ina aliyeandaa na aliyepitia. Rudisha kwa mteja vocha zake halisi, na asaini kwamba amezipokea. Mimi niliwahi kukaa na faili la risiti za watu chini ya kitanda miezi miwili, panya wakanisaidia kukagua.

Baada ya kufungwa, hakuna kinachotolewa. Ukigundua kesho yake kwamba karatasi C4 haina tarehe, usiifungue usiku ukaijaza kwa kalamu inayofanana. Mwambie sinia. Ataandika kilichoongezwa, lini, na nani, na kwa nini.